Kyaruzi na Kichwa cha Fuso

Kuna watu hupeleka kazi nyumbani kwa maneno tu: wanakula huku wanamsengenya bosi, halafu wanalala. Kyaruzi aliipeleka kazi nyumbani kwa vipande. Alikuwa mkata magari katika yadi ya mikweche kule Hamugembe, mjini Bukoba, pale chini migomba inapoanza, na kila gari lililoletwa kufia hapo lilimwachia urithi. Sebuleni kwake mgeni alikaribishwa kwenye viti vya Hiace, safu nzima na mikanda yake. Banda la kuku lilikuwa na mlango wa Land Rover, na kioo chake kilipandishwa na kushushwa kwa mkono ili kuku wapate hewa. Kioo cha kunyolea ndevu kilikuwa saitimira ya basi, na ukijitazama humo ulijiona wewe pamoja na jirani anayepita barabarani nyuma yako.

Mkewe, Joyness, alivumilia. Alikuwa mwanakwaya, na wanakwaya wana pumzi. Alivumilia hata siku mke wa mchungaji alipofunga mkanda kwa mzaha, mkanda ukagoma kufunguka, ikabidi ukatwe kwa kisu cha kumenyea ndizi. Kilichomshinda ni honi. Kyaruzi alipata honi ya lori, ile ya upepo, yenye shingo nene, akaifunga mlangoni iwe kengele ya wageni. Basi siku jumuiya ilipokuja kusali kwao, mwinjilisti akiwa amefika mahali pa kuwaombea wagonjwa, vichwa vyote vimeinama, nyaya zikagusana zenyewe. Honi ikalia. Ililia mpaka Kyaruzi akatoka kwenda kung'oa betri, na muda wote huo bibi mmoja alikuwa amepiga magoti nyuma ya kiti cha Hiace akitubu kwa sauti, maana alijua hiyo ni parapanda na Bwana amesharudi. Alitubu mambo ambayo majirani walikuwa hawayajui.

Jioni hiyo Joyness alifunga mzigo. Hakugombana na mtu. "Nitarudi siku nyumba hii itakapokuwa nyumba," akasema, akaenda kwa mama yake Kamachumu, wilayani Muleba.

Kyaruzi akabaki na viti vyake. Mwanzoni alijikaza, akawaambia watu mke amekwenda kusalimia. Lakini salamu zikawa ndefu. Alipika ndizi zikaungua, akapika tena zikawa mbichi, akala mkate. Alipiga simu Joyness hapokei. Jumapili kanisani alikaa akiitazama ile nafasi tupu ya sauti ya pili, na wimbo mzima ukampita. Kusema kweli alikuwa na upweke wa kuumwa nao, na mtu mwenye upweke hatimaye hufanya usafi. Akaurudisha mlango wa Land Rover yadini, kuku wakalala nyuma ya pazia. Akaitoa saitimira. Honi tu ndiyo iliyomshinda kuitupa. Akaifunga kwenye gunia akaisukuma chini ya kitanda. Kisha akaamua kwamba Jumamosi atakwenda Muleba kumwomba mkewe msamaha mbele ya mama mkwe.

Na hapo ndipo penye ugumu. Mama mkwe mwenyewe alikuwa Anatolia, mjane mrefu mwenye miwani minene, mzee wa kanisa, mtu ambaye akinyamaza chumba kizima kinanyamaza naye. Kwa desturi waliyolelewa nayo, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Mkwe humsalimu kwa mbali, amevaa kiheshima, macho chini. Hampi mkono, hawakai benchi moja, na akimwona anakuja njiani naye hajavaa vizuri, huingia migombani akatulia humo mpaka mama apite. Kyaruzi aliishika desturi hiyo kuliko katekisimu. Kwa miaka yote ya ndoa yake Anatolia alimjua kama shati jeupe lililosimama mlangoni, na hakuwahi kumtaja kwa jina. Alimwita "huyo mtu wa Joyness".

Tena kulikuwa na jambo la buti. Bosi, ambaye aliishi Mwanza na kuonekana kwa nadra, alimletea Kyaruzi buti za kazi zenye chuma puani, za kukinga vidole. Kyaruzi alipoziona zinavyong'aa akaona ni dhambi kuziingiza kwenye matope ya yadi. Akazipiga rangi, akaziweka juu ya kabati, zikawa viatu vya kwenda ukweni, kwa sababu kule Muleba alikuwa amejieleza kwamba yeye ni msimamizi. Kazini alivaa yeboyebo za plastiki.

Usimamizi wenyewe haukuwa uongo mtupu. Yadi ilikuwa na kijiko kimoja kikuukuu, mtambo wa kuchimbia na kunyanyulia, na dereva wake, Muhidini wa Miembeni, alishusha na kupandisha kwa kumwangalia Kyaruzi. Muhidini alikuwa mnene, mpole, mjukuu wa Waswahili waliokuja Bukoba na biashara ya kahawa, na aliogopa kuua mtu kuliko alivyoogopa kufa. Wawili hao walikuwa wamejiwekea sheria yao. Muhidini aliisema kila asubuhi kabla hajapanda: "Kaka, nikikuona, sishushi. Nisipokuona, nashusha." Walijiona wamefikiri sana. Kijiko nacho kilikuwa na sheria yake: hakikuwaka mpaka Kyaruzi akigonge starta kwa spana, mahali fulani, kwa nguvu fulani, huku Muhidini anazungusha ufunguo na kusema bismillahi.

Siku ya Ijumaa, kesho yake ndiyo safari ya Muleba, Kyaruzi alifua suruali yake nzuri palepale yadini kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, maana ilikuwa na doa la grisi. Akaianika kwenye bodi ya basi. Halafu akaona afue na ovaroli, mradi sabuni ipo. Akafua na shati. Akabaki na bukta, tena bukta yenyewe ilikuwa ya enzi nyingine. Muhidini akamtazama akatikisa kichwa. "Kaka, leo tumepata msimamizi wa ufukweni," akasema. Wakacheka, wakarudi kazini.

Kazi ilikuwa kuhamisha kichwa cha Fuso, lori lililopinduka zamani, kukitoa kwenye tope na kukiweka kwenye magogo ili kikatwe. Kijiko kikakishika kwa mnyororo, kichwa kikanyanyuka kinaning'inia kinadondosha matope, milango haina vioo. Kyaruzi alisimama mbele akiongoza kwa mikono, kifua wazi, tumbo nje.

Ndipo akatazama getini akaona mwavuli mweusi. Chini ya mwavuli kulikuwa na miwani minene.

Mtu mwingine angekimbilia ovaroli. Lakini ovaroli ilikuwa kwenye bodi ya basi, na basi lilikuwa upande wa geti, kwa maana nyingine upande wa mama mkwe. Miguu ya Kyaruzi haikungoja ushauri. Ilifanya kama ilivyofundishwa tangu utoto: iliingia migombani. Na kwa kuwa hapo hapakuwa na migomba, iliingia nyuma ya kichwa cha Fuso, akachuchumaa kwenye uwazi baina ya kichwa hicho na ukuta wa yadi.

Muhidini juu ya kijiko akatazama mbele. Hakuona mtu. Akatazama kushoto na kulia kwa uangalifu wake wote. Hakuona mtu. Akashusha.

Kichwa cha Fuso kilitua kwenye tope kwa mlio mzito, na kona ya ngazi yake ikaukalia mguu wa kushoto wa Kyaruzi. Hakusikia maumivu mara moja. Alisikia kwanza baridi, halafu kitu kikavunjika ndani ya yeboyebo kama kuni kavu, halafu maumivu yakaja yote pamoja mpaka machoni. Akafungua mdomo apige yowe. Muhidini akazima injini ili ashuke amsalimie mgeni. Kukawa kimya. Na katika kimya hicho Kyaruzi akasikia sauti ya mama mkwe, karibu kabisa, ikisema, "Hamjambo hapa?"

Akaufunga mdomo. Akaling'ata yowe lake kwenye kiganja.

"Shikamoo, mama," akasema Muhidini.

"Marahaba. Namtafuta huyo mtu wa Joyness. Kyaruzi."

Ilikuwa mara ya kwanza Kyaruzi kulisikia jina lake kinywani mwa mama mkwe, na hakuwa na nafasi ya kulifurahia.

"Alikuwa hapa sasa hivi," akasema Muhidini, akishangaa. "Labda kaenda kujisaidia. Kaa hapa kivulini mama, nimtafute." Akamvutia kiti cha Hiace, akakiweka sawasawa mbele ya kichwa cha Fuso, akaenda zake kugonga mlango wa choo, na alipokuta choo hakina mtu akavuka barabara kwenda kuulizia kwa mama lishe.

Kwa chini ya bampa Kyaruzi aliviona visigino vya Anatolia. Visigino safi vilivyosuguliwa kwa jiwe. Alitamani ardhi impasukie, na kwa upande wa mguu mmoja ilikuwa imeshaanza. Akajaribu kuuvuta, akaona giza. Damu ilikuwa inajichanganya na tope. Akamwomba Mungu mambo mawili, la kwanza aondoke mama mkwe, la pili abaki na mguu, na aliyapanga kwa utaratibu huohuo.

Anatolia hakuondoka. Alitoa simu, akampigia binti yake, akazungumza Kihaya kwa sauti kubwa ya watu wasioiamini simu.

"Nimefika. Hayupo. Ndiyo, nilianzia kwako, jirani akanifungulia. Mlango wa kuku ameutoa. Viti bado vipo." Akaigeukia bodi ya basi. "Hapa nimeona suruali yake imeanikwa. Amefua mwenyewe. Nakwambia ni yeye, doa bado lipo palepale na kazungushia doa jingine. Mwanamume anayefua suruali yake ama ana majuto ama ana mwanamke mwingine, na kwa ufuaji huu, mwanangu, mwanamke hayupo." Akasikiliza. "Mimi sijui. Nilitaka nimwone uso wake kabla hajaja na shati lake jeupe. Mtu akija na shati jeupe huwezi kumjua. Haya, mpigie wewe, labda atakupokelea."

Kyaruzi alisikia yote hayo. Akasikia "mpigie wewe", akaelewa kitakachofuata, na mkono wake ukakimbilia simu iliyokuwa imechomekwa kwenye ukanda wa bukta. Ulichelewa. Simu ikaita. Mlio wake ulikuwa wimbo wa kwaya ya Joyness, ule wa Pasaka, sauti ya pili juu kabisa.

Wiki zote zile aliingoja simu hiyo. Aliiweka karibu na mto akilala, aliichaji hata ikiwa imejaa. Sasa mkewe anapiga, na yeye yuko kwenye tope, na huyo mama mkwe mbele yake. Angeweza kuikata. Mtu mwenye akili timamu angeikata. Akapokea.

"Haloo, mke wangu," akanong'ona.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Mama yuko hapo kazini kwako, anasema hupo."

"Nipo. Namwona."

"Unamwonaje na yeye hakuoni?"

"Naona visigino."

"Kyaruzi, kwa nini unanong'ona? Umelewa?"

"Sijalewa. Kichwa cha Fuso kimenikalia mguu. Usimwambie mama, sijavaa."

Hakukuwa na haja ya kumwambia mtu. Anatolia alikuwa ameshasimama. Mzee wa kanisa akisikia Fuso bovu linaimba wimbo wa Pasaka hawezi kuendelea kukaa. Alizunguka upande wa mlango, akachungulia kwenye dirisha lisilo na kioo, akapitisha macho mpaka upande wa pili, na huko akakutana na uso wa huyo mtu wa Joyness, umejaa jasho na machozi, simu sikioni.

Walitazamana. Kyaruzi, hata hapo, aliinamisha macho. "Shikamoo, mama," akasema.

"Mawe," akasema Anatolia polepole, kama Mhaya anayemwita mama yake kwa mshtuko. Akaona damu.

Akavua kitenge chake cha juu, kile cha umoja wa wanawake chenye msalaba na maandishi ya sikukuu, akakirusha kupitia dirishani huku amegeuza uso upande mwingine, kuelekea Kahororo. "Jifunike. Umejifunika?"

"Tayari, mama."

Basi akageuka, na tangu hapo yadi ikawa yake. Alimwita Muhidini kwa sauti iliyomtoa ng'ambo ya barabara mkuku. Muhidini alipouona ule mguu akaanza kulia. "Sikukuona, kaka. Wallahi sikukuona."

"Utalia baadaye," akasema Anatolia. "Washa chombo chako."

Muhidini akapanda, akazungusha ufunguo, kijiko kikakohoa kikanyamaza. Akajaribu tena. Wote wawili, yeye na Kyaruzi, walijua kinachotakiwa, na mwenye spana alikuwa chini ya Fuso.

"Mama," akasema Kyaruzi kwa aibu kubwa, "samahani sana. Kuna spana hapo kwenye gogo. Kuna kitu cheusi ubavuni mwa injini, cha duara, chini ya bomba. Ukigonge."

"Nikigonge vipi?"

"Kama umekasirika, lakini si sana."

Anatolia alikunja mikono ya gauni. Alikigonga mara ya kwanza kwa adabu, hakikuwaka. Mara ya pili alikigonga kama mtu ambaye bintiye analia nyumbani kwake wiki baada ya wiki na haulizwi sababu. Kijiko kikanguruma, moshi ukapanda, Muhidini akasahau hata bismillahi.

Ikabaki kumvuta. Muhidini hawezi kushuka, maana ndiye anayenyanyua. Kyaruzi hawezi kusimama. Anatolia akaiangalia desturi yake pande zote, kama mtu anayetafuta mlango, kisha akaingia kwenye tope kwa viatu vyake vya Jumapili, akampitishia mikono kwapani, na mnyororo ulipokaza akamvuta mpaka nje. Kyaruzi alipiga lile yowe alilokuwa ameling'ata. Akapiga jingine. Kichwa chake kilikuwa kifuani mwa mama mkwe na hapakuwa na migomba popote.

"Pole, tata," akasema Anatolia, neno ambalo kina mama wa Kihaya huwaambia watoto wao wa kuzaa. "Pole, tata. Lia tu."

Hospitali walikwenda kwa bodaboda, wote kwenye pikipiki moja, dereva mbele, Kyaruzi katikati amevaa kitenge cha umoja wa wanawake, na Anatolia nyuma amemkumbatia kiunoni kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mkono wa pili. Muhidini alifuata na pikipiki nyingine akilia. Njia nzima watu walisimama kuangalia. Bukoba si mji mkubwa, na kufika jioni habari ilikuwa imeshavuka Miembeni, na kila ilipopita iliongezewa chumvi.

Muuguzi aliuliza mgonjwa ni nani wake.

"Ni mwanangu," akasema Anatolia, na Kyaruzi, ambaye mpaka hapo alikuwa amejikaza, akalia upya.

Vidole viwili vidogo havikuokoka. Mifupa mingine ilifungwa hogo la plasta, na daktari akasema lile tope ndilo lililouokoa mguu, kama chini pangekuwa na saruji angeupoteza wote. Aliuliza kama kazini hawana buti za chuma. Kyaruzi alitazama dari. Anatolia, ambaye alizifahamu buti hizo vizuri kwa kuziona mlangoni kwake kila Krismasi, alifikiri kidogo, akaelewa, akashika mdomo. Mabega yakaanza kumtikisika. Kyaruzi hakuwahi kumwona mama mkwe akicheka, na ilimchukua muda kujua kwamba ndicho anachokifanya.

Joyness alifika kesho yake asubuhi na gari la kwanza. Alisimama mlangoni mwa wodi akimtazama mumewe, hogo lake na kitenge cha mama yake.

"Nilikuwa nakuja kwako leo," akasema Kyaruzi. "Kukuomba msamaha. Nilifua suruali."

"Nimesikia," akasema Joyness. Akaketi kitandani, akaushika mguu wake wa kulia, ule mzima, akaubana.

Anatolia alikaa nao Hamugembe mpaka jeraha likafunga. Desturi ilirudi kama maji yanavyorudi mtoni: alikaa chumba cha pili, wakazungumza kupitia ukuta, na hakuna aliyetaja siku ile. Alipoondoka aliomba kiti kimoja cha Hiace, chenye mkanda. Alisema mgongo wake umekipenda. Kilikwenda Muleba juu ya keria, na Joyness hakusema neno. Muhidini alibadilisha sheria. Sasa kila asubuhi husema, "Nisipokuona, sishushi," na Kyaruzi, aliyevaa buti, hujibu kwa sauti ili isikike barabarani.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Katika zile siku za hogo Kyaruzi alilala chumbani peke yake mchana, Joyness yuko jikoni nyuma ya nyumba, mama mkwe kwa desturi haingii chumbani kwa mkwe, na kila alipotaka maji alilazimika kupiga kelele mpaka sauti ikakauka. Siku moja Joyness aliingia na ufagio kufagia chini ya kitanda. Ufagio ukagonga kitu. Akavuta gunia, akalifungua, akaiona honi. Kyaruzi akafumba macho.

Joyness aliitazama sana ile honi. Kisha akaenda nje, akarudi na betri na mtungi wa upepo, akaviunganisha mwenyewe kama alivyomwona mumewe akifanya, akaifunga kando ya kitanda, swichi karibu na mkono wake.

"Ukinihitaji," akasema, akarudi jikoni.

Kyaruzi alikaa akiitazama swichi. Kiu hakuwa nayo, wala mguu haukumuuma kuliko kawaida. Akabonyeza. Honi ikanguruma, kuku wakatawanyika, ng'ambo ya uzio yule bibi wa parapanda akaanza kutubu tena. Joyness akaja mbio, mikono ina unga.

"Unataka nini?"

"Hakuna," akasema Kyaruzi. "Nilitaka kujua kama utakuja."

Joyness akafuta mikono kwenye kanga, akaketi.